Mafuta Mekundu: Tuyabadilishe Namna Gani Katika Kamyoneti ya Shule?



Katika namba hii ya gazeti letu hatutasema juu ya mpira wala juu ya orodha ya kazi. Tunaleta somo moja la mekanike kidogo, na hesabu kidogo, juu ya jambo ambalo kila mtu anazungumza siku hizi chini ya mti wa maembe. Mmekwisha kusikia. Papa shofere amesema kwamba asubuhi akitia kijiti cha vitesi katika D, kamyoneti haiondoki mara moja. Unahesabu moja, mbili, njo inashika. Tangu shule iliinunua, ikiwa imekwisha kutumika kule Japani na kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa, hakuna mtu aliyebadilisha mafuta ya bwati yake. Sasa kamati ya wazazi imetoa feza ya bidoni 3 za lita 4. Ni lita 12, na hakuna ingine nyuma yake. Mvua inakaribia.

Watu wamegawanyika. Wengine wanasema: acheni, msiguse, ukibadilisha mafuta ya bwati ya zamani inakufa. Wengine wanasema: ipelekeni Lubumbashi, kule kuna mashine inayosukuma mafuta yote inje kwa saa moja. Wengine tena: fanyeni hapa hapa, ni bulo moja tu ya kufungua. Mwalimu wetu wa fizike ametuomba, sisi wa darasa la mwisho, tupime maneno haya matatu bila kelele. Haya njo tuliyoyapata.

Hakuna mtu atakayesema ni jambo dogo. Ile kamyoneti njo inaleta unga wa wale wanaolala shuleni. Njo inapeleka wagonjwa usiku. Bwati ikikufa, motere inaweza kuwa nzima kama mpya, lakini gari itakaa pale uwanjani kama nyumba ya kuku.

Kwanza tujue ile bwati inafanya nini. Katika kamio nyingi tunazoziona barabarani, shofere ana pedale tatu, na ile ya kushoto ni ya ambreyaji. Bwati yao ina meno ya chuma, na mafuta yake mazito yana kazi ya kulainisha tu. Yetu ina pedale mbili. Ambreyaji ya mguu haiko. Mahali pake pana chombo cha duara kinachoitwa konvertisere. Fikirini ventilatere mbili zinazotazamana: ukiwasha moja, upepo wake unazungusha ingine, hata kama hazigusani. Ndani ya konvertisere ni vile vile, lakini mahali pa upepo ni mafuta. Motere inazungusha gurudumu la kwanza, mafuta yanarushwa, gurudumu la pili linafuata. Mwenye kufikiri jambo hili alikuwa Mjerumani Hermann Föttinger, katika mwaka 1905, naye alikuwa akitafuta njia ya kuendesha meli, si motokari. Bwati otomatiki ya kwanza iliyotengenezwa kwa wingi, Hydra-Matic ya General Motors kule Marekani, ilitokea katika mwaka 1939.

Nyuma ya konvertisere kuna sahani nyembamba nyingi, zimepangwa kama sahani za mama mpishi katika kabati. Nusu ni chuma tupu, nusu zimebandikwa kitu kama karatasi ngumu. Mafuta yakisukumwa kwa nguvu nyuma yao, zinabanana na vitesi inashika. Mafuta yakiachiliwa, zinaachana. Hapa wale wa darasa la chini yetu wakumbuke kanuni ya Pascal: nguvu unayoiweka juu ya maji yaliyofungwa inafika kila upande. Njo maana mafuta haya hayawezi kulinganishwa na yale mengine. Yanabeba nguvu ya motere, yanafunga vitesi, yanalainisha, na yanachukua joto na kulipeleka mpaka kwa radiatere. Kazi nne kwa mtumishi mmoja. Akichoka, zote nne zinalegea pamoja.

Na anachoka kwa nini? Hayaungui kama mafuta ya motere, maana moto wa karbira hauyafikii. Adui wake ni joto. Gari ikiwa imejaa mifuko, ikitambaa katika matope ya mwezi wa kwanza, gurudumu moja la konvertisere linazunguka sana na lile lingine linakokota polepole. Tofauti ile yote inageuka joto ndani ya mafuta. Wanakemia wana kadirio lao: kila digrii 10 zikiongezeka, mafuta yanaharibika karibu mara mbili upesi. Kisha zile karatasi za sahani zinasagika kidogo kidogo, na unga wake mweusi unabaki ukielea. Kwa hiyo kilometre za barabara nzuri na kilometre za matope si kilometre za namna moja, hata kama kompteri inazihesabu sawa.

Rangi nyekundu, wandugu, si ya mafuta yenyewe. Ni rangi iliyotiwa makusudi, ili ukiona tone chini ya gari ujue limetoka wapi. Kwa hiyo mtu asipige kelele akiona rangi imekuwa ya majani makavu. Tone la mafuta juu ya karatasi nyeupe linasema zaidi: likiwa la kahawia na halinuki, ni uzee tu. Likiwa jeusi, lina vipande, na linanuka kitu kilichoungua, sahani zimekwisha kuungua, na bidoni mpya haitazirudisha. Letu tulilipima juzi pamoja na Papa shofere. Ni kahawia nzito, harufu kidogo, vipande havikuonekana. Ni katikati, njo maana mabishano yamekuwa makali.

(Neno moja la pembeni kwa wale wa biolojia. Zamani katika mafuta haya walikuwa wanachanganya mafuta ya nyangumi, maana yanavumilia joto na kulainisha vizuri. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 juu ya wanyama wanaotaka kwisha ilikomesha jambo hilo, na wanakemia wakalazimika kutafuta kitu kingine.)

Sasa tufike kwenye hesabu, ambayo njo moyo wa maneno yote. Ukibadilisha mafuta ya motere, unafungua bulo ya chini na karibu yote yanatoka. Katika bwati otomatiki haiko hivyo. Ukifungua bulo, yanatoka yale tu yaliyo katika kartere, lile bakuli la chini. Yaliyo ndani ya konvertisere, ndani ya tiyo na radiatere, yanabaki. Kitabu cha kamyoneti yetu kinasema bwati nzima inachukua lita 10, na kwa bulo zinatoka karibu 4. Basi ukimwaga mara moja na kujaza, umebadilisha sehemu 4 juu ya 10. Zilizobaki za zamani ni 6 juu ya 10, na mara ukiwasha motere zinachanganyika na mpya. Mtu anayelipa feza na kusema «nimebadilisha mafuta ya bwati» kwa kumwaga mara moja hakusema uongo, lakini ukweli wake ni wa nusu, tena nusu haitimii.

Ukimwaga mara ya pili, unatoa tena 4 juu ya 10, lakini sasa ni za mchanganyiko. Za zamani zinazobaki ni 0,6 mara 0,6, ni 0,36. Mara ya tatu: 0,216. Mara ya ine: karibu 0,13. Wale wa math wanaona mara moja kwamba ni progresio jeometriki, na kwamba hautafika sifuri hata ukimwaga mpaka mwisho wa dunia. Tena kila mara faida inapungua: mara ya kwanza lita 4 zinafukuza 40 juu ya mia, mara ya pili zinafukuza 24, mara ya tatu 14, mara ya ine hazifiki 9. Kwa bidoni zetu 3 tunafika 78 juu ya mia za mafuta mapya. Kwa bidoni ya ine, ambayo hatuna, tungeongeza kidogo tu. Kwa hiyo mara tatu ni mahali pazuri pa kusimama, na wazazi bila kujua walitoa kipimo kinachofaa.

Kuna njia ingine, na lazima tuiseme bila upendeleo, maana juu ya karatasi inashinda. Unachomoa tiyo inayorudisha mafuta kutoka kwa radiatere, unaiingiza katika ndoo, mtu anawasha motere, pompe ya bwati yenyewe inatema mafuta ya zamani. Zikitoka lita 2, anazima, unajaza lita 2 mpya, anawasha tena, mpaka mafuta yanatoka mekundu safi. Mpya hazipati nafasi kubwa ya kuchanganyika na za zamani, zinazifukuza mbele yao. Kwa lita zetu 12 bwati ingekuwa karibu yote mpya kwa siku moja. Lakini inataka watu wawili wanaosikilizana kama kwaya. Yule wa kifunguo akichelewa kuzima, pompe inanyonya hewa, sahani na pompe zinazunguka kavu. Tena tiyo mbili za radiatere zinafanana, na ukichomoa ile isiyofaa mafuta yanaruka mahali ambapo hukuweka ndoo. Fundi aliyezoea anaifanya vizuri. Kwetu hakuna aliyezoea.

Mashine ya mjini ni ile njia ya tiyo, lakini yenye vioo na vipimo. Tatizo lake kwetu ni mawili. Lile la kwanza ni feza: mashine inataka mafuta mengi kuliko lita 12, na safari tena. Lile la pili ni kwamba mashine haifungui kartere. Haioni kile kilichokaa chini, haisafishi filtere. Zipo zinazosukuma kwa nguvu, na katika bwati ya zamani yenye uchafu uliolala, nguvu hiyo inaweza kuamsha uchafu na kuupeleka katika vijitundu vidogo vya kuongoza mafuta. Kwa gari inayotunzwa vizuri tangu mwanzo, sawa. Kwa gari tusiyojua maisha yake ya kwanza, sisi hatuisifu.

Na wale wanaosema tusiguse? Tusiwacheke. Maneno yao yanatoka katika mambo waliyoyaona: gari ilibadilishwa mafuta, na kisha juma moja vitesi zikaanza kuteleza. Lakini tuulize: kwa nini mwenye gari alikumbuka mafuta siku ile? Mara nyingi ni kwa sababu gari ilikwisha kuanza kusumbua. Mgonjwa aliyepelekwa hospitali akiwa amekwisha zidiwa, akifa kule, hatusemi kitanda cha hospitali kimemwua. Sahani zilizokwisha kulika zitateleza na mafuta ya zamani, zitateleza na mapya. Jambo moja tu ni kweli katika maneno yao: tusifanye mambo makubwa kwa haraka katika bwati tusiyoijua. Hilo tunalichukua.

Kwa hiyo sisi tunachagua hivi: kumwaga na kujaza mara tatu, mara ya kwanza pamoja na kufungua kartere, na katikati ya kila mara gari ifanye kazi yake ya kawaida juma moja ao mawili. Hatuchagui hivyo juu ya 78, maana tumekwisha kuona kwamba tiyo inafika mbali zaidi. Tunachagua hivyo kwa sababu inatupa nafasi ya kutazama. Kisha bidoni ya kwanza, Papa shofere atahesabu tena asubuhi: moja, mbili? Gari ikiwa nzuri zaidi ao ikibaki vile vile, tunaendelea. Ikianza kuteleza, tunasimama, na bidoni 2 zimebaki mkononi, zinaweza kuuzwa ao kungoja fundi. Kwa njia ya siku moja, tungejua ubaya wakati lita zote 12 zimekwisha kumwagwa. Mwenye feza nyingi anaweza kununua upesi. Mwenye feza moja anunue nafasi ya kusimama.

Lakini kabla ya bulo yoyote, tupime mafuta yaliyomo. Kuchelewa kwa D kunaweza kutoka kwa mafuta kupunguka tu. Bwati yetu ina kijiti cha kupimia, na kinapimwa tofauti na kile cha motere: gari mahali pa usawa, bwati imepata moto, motere inazunguka, mguu juu ya freni, unapitisha vitesi zote polepole kutoka P mpaka mwisho na kurudi P, njo unachomoa kijiti, unakipangusa kwa nguo isiyoacha nyuzi, unakirudisha, unakisoma. Kina alama za baridi na alama za moto. Watu wengi wanasoma alama za moto wakati gari ni baridi, wanaongeza, wanazidisha. Na kuzidisha ni kubaya kama kupunguza: meno yanapiga mafuta mpaka yanafanya povu, na povu ni hewa. Hewa inabanika, mafuta hayabaniki. Pascal hawezi kufanya kazi na povu.

Jambo la pili ni aina ya mafuta, na hapa tutakuwa wakali kidogo. Sokoni utaambiwa: «Hii ni nyekundu, zote ni moja.» Hazikuwa moja hata siku moja. Toyota peke yake ina T-IV kwa bwati zake za zamani kidogo, na WS kwa zile zilizofuata, na WS ni nyepesi zaidi. Zile za zamani zaidi zinataka Dexron. Zote ni nyekundu! Sahani zimetengenezwa kushikana kwa mafuta ya namna fulani, ukiweka mengine zinashika kwa kishindo ao zinateleza. Jina linapatikana katika kitabu, na mara nyingi limeandikwa juu ya kijiti chenyewe. Bidoni ziwe zimefungwa na kiwanda, si mafuta yaliyopimwa kutoka pipa kwa kopo.

Kazi yenyewe si ndefu. Gari iwe na moto kidogo, si sana, maana mafuta ya moto mkali yanachubua mikono. Magurudumu yazuiwe kwa magogo, na mtu asiingie chini ya gari inayoshikwa na kriki peke yake, hata kwa dakika moja. Papa shofere ataonyesha bulo kwa kidole, maana chini pale kuna ya motere, ya bwati, na ya bwati ndogo ya magurudumu ine, na zinafanana kama mapacha. Kartere ikifunguliwa tutaona sumaku ndani yake. Tope laini jeusi juu ya sumaku ni kawaida, ni chuma kilichosagika kwa miaka. Vipande vinavyong'aa, vya kushikika kwa vidole, ni habari mbaya, na hapo kazi inasimama, Papa Prefe anaitwa. Filtere ikiwa ya wavu wa chuma inasafishwa, ikiwa ya kitambaa inataka mpya. Bulo ndogo za kartere zikazwe kidogo kidogo, kwa msalaba, mkono mmoja. Zinaingia katika aluminium, na kijana anayetaka kuonyesha nguvu zake atang'oa njia ya bulo kwa kuzungusha mara moja.

Kipimo cha kujaza ni rahisi: yaliyotoka njo yanayoingia. Lakini wale wa fizike wasisahau kutanuka. Mafuta yanatanuka karibu sehemu 7 juu ya 10.000 kwa kila digrii. Lita 4 zilizotoka na digrii 80, zikipoa mpaka 20, zinapunguka karibu lita 0,17. Ukipima ya zamani yakiwa ya moto na kujaza mapya ya baridi kwa alama ile ile, umezidisha kwa kiasi cha glasi moja ndogo. Kwa hiyo tutangoja yapoe katika ndoo, njo tutapima.

Mafuta ya zamani hayatamwagwa katika mfereji wa nyuma ya jiko. Ule mfereji unashuka mpaka kijito ambamo mama zetu wanafua. Yatarudi katika bidoni zile zile, yatafungwa, na yatapelekwa garaji safari ijayo ya mjini.

Kazi ya kwanza itafanyika siku ya posho, saa 8 ya mchana, kando ya depo. Tunataka watu sita tu kutoka madarasa mawili ya mwisho, na majina yaandikwe kwetu kabla ya siku ya tano jioni. Kila mmoja alete nguo ya zamani isiyoacha nyuzi. Darasa la tatu walete ndoo mbili safi na chupa za lita moja na nusu zenye alama. Yeyote mwingine anayetaka kutazama, asimame ngambo ya waya wa kuanika nguo.